Chuma Kizima Kinaanzia Wapi

Land Rover haishiki kutu. Ndivyo utakavyoambiwa na kila anayetaka kukuuzia moja. Atagonga boneti kwa kifundo cha kidole, atakuonyesha bati lililobanduka rangi miaka na miaka na bado ni jeupe. Na kama umekuja na sumaku mfukoni, ile hila ya siku zote ya kugundua palipofukiwa puti, itadondoka kila utakapoibandika, kwa sababu hapana chuma cha kuishika. Muuzaji hasemi uongo. Bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, na aluminiamu haioti ile kutu nyekundu. Asichokwambia ni kwamba gari halitembei kwa bodi.

Ukitaka kujua chuma kiko wapi, uiname. Chini kuna chasisi, nayo ni chuma mwanzo mwisho. Kisha kuna ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na abiria, uliobeba usukani, pedali, dashibodi, bawaba za milango ya mbele na kioo. Huo nao ni chuma. Vitu viwili hivyo ndivyo gari lenyewe. Vilivyobaki karibu vyote vimefungwa kwa bolti juu yake, na mtu mwenye spana chache na siku nzima mbele yake anaweza kuvitoa na kuvipanga chini. Ndiyo maana kuifufua Land Rover iliyochoka, hasa huku kwetu pwani, huwa ni kazi ya kutu kwanza, na ya injini baadaye sana.

Mpango huo wa metali mbili ulizaliwa na shida. Uingereza ilipotoka vitani mwaka 1945, chuma kilikuwa cha mgawo, na kampuni ya magari ilipewa kwa kadiri ilivyoweza kuuza nchi za nje. Aluminiamu ilikuwa rahisi zaidi kuipata. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na jeep iliyoachwa na jeshi la Marekani, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, na kutokana nayo akapata wazo la gari la shamba. Lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa mashine kubwa za kukandamiza mabati zilikuwa ghali na gari lilitakiwa haraka, bodi ilikunjwa mikunjo rahisi tu, na chasisi ikaundwa kwa mabamba manne ya chuma, unene wa milimita 2, yaliyochomelewa kingo kwa kingo mpaka yakawa kasha refu. Mtu akiuliza mbona gari hili linatengenezeka chini ya mti, jibu liko hapo. Limeundwa kwa bamba bapa na moto wa kuchomelea tangu kiwandani.

Lakini kasha ni kasha. Matope yanaingia kwenye matundu yake, yanakaa ndani, yanakauka kiangazi na kulowa tena masika. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku ndani bamba linaliwa.

Kutu haina mambo mengi: inataka chuma, hewa na maji. Chumvi si lazima, ila chumvi hufanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu kwa asili yake ni mwendo wa umeme mdogo mno kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Unyevu hewani ukizidi asilimia 60 hivi, chuma kitupu huanza kuliwa hata kama hakijanyeshewa, na Tanga, Mombasa au Unguja mara nyingi unyevu uko juu ya hapo. Aluminiamu nayo hushambuliwa na hewa hiyohiyo, lakini ngozi inayoiota ni ngumu na imeshikamana, ikaikinga. Ngozi ya chuma ni ya unga, inanyonya maji na kuyatunza. Tena hujaa kuliko chuma ilichokila. Mahali ambapo mabamba mawili yamelazwa moja juu ya jingine, kutu ikiingia katikati huyatanua kwa nguvu, mpaka yanaachana penye kiungo.

Fundi ninayetaka kumsifu ana gereji yake Tanga, si mbali na reli, chini ya mwarobaini mkubwa unaomsaidia kuliko mabati aliyoezekea. Jina lake sitalitaja. Hapendi kutajwa, na wateja alio nao wanamtosha. Nimekuwa nikipita kwake jioni bila shida yoyote ya gari, natafuta benchi, natazama. Nimewaona mafundi wengi wa bodi wenye mikono myepesi kuliko yake. Sijamwona mwenye subira kama yake.

Gari ninalolikumbuka zaidi lilikuwa 109, kile kizazi cha tatu kilichotengenezwa kati ya 1971 na 1985, refu, la mlango wa nyuma wa kuangusha. Namba 109 ni inchi kati ya tairi ya mbele na ya nyuma. Lilifanya kazi shamba la mkonge kwanza, halafu likaangukia mikononi mwa mtu wa samaki. Mwenye gari la samaki hana haja ya kulipeleka ufukweni ili lile chumvi. Barafu inayeyuka pamoja na maji ya bahari yaliyomo kwenye samaki, inapenya sakafu, inadondokea mhimili wa nyuma wa chasisi usiku kucha. Mhimili ule ulikuwa umekuwa tabaka tabaka. Ungeweza kuzichambua kwa kucha.

Mwenye gari alitaka puti na rangi ya kijani. Fundi akamwitikia kwa heshima, akamwambia aache ufunguo, arudi keshokutwa wazungumze. Alipoondoka, kijana wake akaleta jeki na magogo.

Sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote ni ile isiyo na moto wala vumbi. Fundi analala chali juu ya kadibodi na kinyundo kidogo na kipande cha chaki. Anagonga taratibu, kila baada ya upana wa kiganja, kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa chini wa chasisi, kisha ubavu, kisha juu anapoweza kufikisha mkono. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa ndani hutoa sauti fupi isiyofika mbali, na wakati mwingine unasikia kitu kinamwagika ndani ya kasha, magamba ya kutu yaliyokuwa yanangoja mtu ayasumbue. Palipokufa anaweka msalaba. Penye mashaka anaweka mstari. Palipo pazima haweki kitu. Anarudia njia ileile mara ya pili, kwa sababu, anasema, sikio huwa limechangamka zaidi baada ya kuzoea. Alipomaliza lile 109, tundu la nyuma ambalo mwenye gari aliliona kuwa kubwa kama sarafu lilikuwa limezungukwa na duara la chaki ambalo kiganja changu hakikulifunika.

Hapo ndipo ufundi wake ulipo, kwa maoni yangu. Kuchomelea wanajua wengi. Kujua chuma kizima kinaanzia wapi, na kuwa na moyo wa kukata mpaka pale, ni wachache. Mtu hukata tundu la sarafu, akaweka kiraka cha sarafu mbili, akachomelea kwenye bamba lililobaki nyembamba kama karatasi, na moto wenyewe unatoboa pembeni, naye anafukuzia matundu mapya kwa vijiti vya kuchomelea mpaka paonekane pameziba. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kutu mambo ni kinyume. Kuziba ndiko kunakoleta kujenga ukuta, maana kiraka kilicholazwa juu ya kutu kinaifungia unyevu na kuipa kivuli. Fundi wangu anatafuta ukingo wa chuma kizima, halafu anaongeza vidole viwili ndani yake, ndipo anachora mstari wa kukata.

Sehemu iliyokuwa salama kuliko zote kwenye chasisi ile ilikuwa chini ya giaboksi. Kila mwenye Land Rover anaijua siri hiyo: zinavuja oili tangu zikiwa mpya, na oili ile ndiyo kinga bora ambayo kiwanda kiliwapa wateja bila kukusudia.

Kabla ya kukata, kufunga. Fundi aliangusha timazi kutoka pointi kadhaa za chasisi mpaka sakafuni, akaweka alama za chaki penye ncha, akavuta nyuzi mbili za mshazari kutoka kona hadi kona na kulinganisha urefu. Zikilingana mbili hizo, chasisi imenyooka. Kisha akachomelea kwa muda vipande vya bomba la mraba kuvuka mlango wa dereva na mlango wa abiria, vishike nguzo zisisogee. Kijana wake mgeni alidhani hiyo ni kazi ya ziada. Lakini nguzo ile ya mlango ikiondolewa sakafu yake ya chini, inaweza kutoka mahali pake milimita 5 bila mtu kuona, na gari likaja kukamilika, limepakwa rangi, limependeza, mlango haufungi. Nimeyaona magari ya namna hiyo. Yana kamba.

Ukuta wa mbele huliwa mahali palepale karibu kwenye kila gari: sehemu mbili za kuwekea miguu, kona za juu karibu na kioo, na chini ya nguzo za milango. Sababu ni maji. Yanateremka kutoka kwenye raba ya kioo iliyokauka, yanaingia ndani ya nguzo iliyo wazi, yanashuka na kukuta njia imezibwa na udongo. Sehemu ya miguu ya dereva kwenye lile 109 ilikuwa imebaki kwa hisani ya kapeti. Fundi aliikata kwa grainda mpaka kwenye mstari, akakamilishia kona kwa tindo na tupa, kwa kuwa grainda haina adabu penye kona.

Kiolezo alikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi ile ni nene, inakunjika ikabaki ilivyokunjwa, na haina gharama. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akiipachika, akiitoa, akikata unyuzi, akiipachika tena. Nilipomuuliza kwa nini asikate bati moja kwa moja, akajibu kuwa karatasi haidai. Kisha akahamishia umbo kwenye bati. Kwa sehemu hii anakubali bati la pipa la lita 200, ambalo ni laini na linakunjika vizuri, ila pipa lenyewe hulikata kwa tindo likiwa limejazwa maji kwanza, sababu mvuke wa mafuta ya zamani hauhitaji zaidi ya cheche moja. Kwa chasisi pipa hapana. Huko anataka bamba jeusi la milimita 2 kamili kutoka dukani, na anabeba kalipa yake kwenda kupima mwenyewe.

Mikunjo anaipiga juu ya kipande cha reli, ambacho kila gereji ya mji huu inacho na hakuna anayeuliza kilitoka wapi. Nyundo ya mbao kwanza, ya chuma baadaye. Kona yenye mizingo miwili, pale sakafu inapogeuka kuwa ubavu na ubavu unapogeuka kuwa mbele, haikunjiki. Bati lazima livutwe hapa na kusukumwa pale. Anagonga, anageuza, anagonga. Hakuna pigo moja linaloonekana kufanya chochote. Baada ya muda unakuta kona ipo.

Moto unapoanza, subira inaonekana kwa macho. Bati jembamba likipata joto jingi mahali pamoja hutanuka, na likipoa hukunjamana, hivyo mshono uliopigwa kwa mwendo mmoja hutoka na mawimbi. Kwa hiyo anashona kwa nukta. Nukta hapa, nukta upande wa pili, nukta katikati, kisha anaweka chini vifaa. Anangoja mpaka aweze kuweka kiganja juu ya bati. Kisha nukta nyingine nne. Kijana wake aliyekuwa na haraka ya mechi ya saa kumi alitaka kumwagia maji ili lipoe upesi.

“Liache dogo,” fundi akamwambia. “Nalo lina akili yake.”

Kwa bati jembamba anatumia gesi, kwa chasisi anatumia umeme. Mshono wa gesi hutoka laini na unakubali nyundo, hivyo ukiwa bado na joto anaweza kuupiga ukarudi bapa. Wa umeme ni mgumu, unafaa penye mzigo. Viraka vya ukuta wa mbele anaviweka kingo kwa kingo, bila kulaza kimoja juu ya kingine, kwa sababu palipolazwa ndipo unyevu utakapolala. Inahitaji bati likatwe sawasawa, pengo lisizidi unene wa bati lenyewe. Ndiyo maana alikaa sana na karatasi.

Chasisi ina kanuni nyingine. Ukikata kasha lile na kulichomelea kwa mstari uliosimama wima, umeweka mahali pa kuvunjikia, kwani chasisi hujikunja kila gari linapovuka shimo, na ufa hupenda mstari mfupi ulionyooka. Viraka vyake vya chasisi huwa vimekatwa mshazari, ncha zimechongoka, mzigo uhame polepole kutoka chuma cha zamani kwenda kipya. Mikono inayotoka ubavuni kushika bodi aliiunda upya yote. Mhimili wa nyuma aliutupa, akaunda mwingine, na hapo nilimwona akifanya jambo ambalo hakuna mteja atakayelitazama: alitoboa matundu ya kutolea maji upande wa chini kabla ya kufunga kasha, akayasafisha kingo kwa tupa, akapaka ndani ya kasha rangi nyekundu ya kuzuia kutu kwa brashi aliyoifunga kwenye waya mrefu. Baada ya kuchomelea, rangi iliyo karibu na mshono huungua, hilo analijua. Kwa hiyo kila kitu kilipokamilika alirudi kupitisha nta na oili kwenye matundu yaleyale, akainua gari upande mmoja, kisha upande wa pili, ili mchanganyiko utembee.

Mafundi wengi hapa hupaka oili chafu ya injini chini ya gari, na watu wa mbali huwacheka. Oili hiyo inafanya kazi, kwa kiasi. Ila ina asidi na maji iliyookota ndani ya injini, inadondoka ardhini, na inaozesha raba. Fundi huyu ananunua oili safi ya bei ya chini na kuyeyusha nta ndani yake. Gharama haizidi sana.

Nitie neno juu ya maziwa, kwa kuwa niliyaona pale kama ninavyoyaona kwa kila mchomeleaji. Land Rover ina vipande vya chuma kilichopakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta jioni hupata homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Imani iliyoenea ni kunywa maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni. Fundi anakunywa maziwa yake kwa kuwa anayapenda, lakini pia anakwangua zinki yote kwa grainda kabla ya kuchomelea, na anakaa upande unaotoka upepo. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayomponya.

Tukifika kwenye aluminiamu, tunarudi kwa muuzaji wetu na neno lake kwamba bodi haiharibiki. Huharibika, ila kwa namna yake. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, umeme ule mdogo hugeuka na kuanza kuila aluminiamu badala ya chuma. Unaona unga mweupe unavimba chini ya rangi, hasa kingo za bodi ya nyuma zilipopigwa ribiti pamoja na vipande vya chuma vya kulinda kona. Kiwandani vipande hivyo vilichovywa zinki, na zinki ilisuluhisha kati ya metali hizo mbili. Ikiisha, vita vinaanza. Fundi aling'oa ribiti, akasafisha unga, akakata palipolika, na aliporudisha aliweka katikati utepe mwembamba wa raba na kutumbukiza kila bolti kwenye grisi. Utepe huo haumo kwenye gari lilivyotoka kiwandani Solihull. Naona hapo amewashinda.

Kunyoosha aluminiamu iliyobonyea ni ufundi mwingine, na una hila ambayo sikuiamini mpaka nilipoiona. Aluminiamu iliyopigwa sana inakuwa ngumu na ikiendelea kupigwa hupasuka. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto. Lakini haibadiliki rangi ikipata joto kama chuma kinavyokuwa chekundu. Inabaki nyeupe, nyeupe, kisha kwenye nyuzi 660 hivi inaanguka chini imeyeyuka. Fundi atajuaje? Alichukua sabuni ya mche, akaisugua juu ya bati la madigadi mpaka likawa na mistari myeupe, akapitisha moto wa gesi kwa mbali. Mistari ikawa ya njano, ikawa kahawia, na ilipokaribia weusi akaondoa moto. Sabuni huungua kwenye joto lililo chini ya lile la kuyeyusha na linalotosha kulainisha. Bati lilipopoa lilikunjika kwa mkono, na nyundo ya mbao ikalirudisha palipopaswa kuwa. Mafundi wa bodi za aluminiamu hutumia hila hii nchi nyingi.

Rangi sina mengi ya kusema juu yake, na yeye pia hana. Aluminiamu inataka praima yake maalumu, la sivyo rangi hutoka kama ganda. Msasa wa maji, kupuliza, kungoja, msasa tena. Ikawa kijani, kama mwenye gari alivyoomba. Injini ile ya lita 2.25 ilifunguliwa, ikabadilishwa ringi na gasketi, breki zikapewa mabomba mapya. Kazi hizo zina vitabu na spea, na zikiharibika utasikia. Kutu haina kitabu kinachokwambia pa kukata.

Yapo magari anayoyakataa. Kama mihimili yote miwili mirefu ya chasisi imekufa mwanzo mwisho, au vishikio vya springi vimechanika kutoka kwenye chuma kilichooza, humwambia mwenyewe kwamba kiraka juu ya kiraka kitamuua mtu barabarani. Zipo kampuni Uingereza zinazounda chasisi mpya za Land Rover hizi, zikazamishwa nzima ndani ya zinki iliyoyeyuka kwenye nyuzi 450 hivi, ndani na nje, na mwenye uwezo wa kuleta moja afanye hivyo bila aibu. Wapo wanaoona kwamba gari likibadilishwa chasisi si gari lile tena. Mimi sioni hivyo. Kampuni ya Land Rover yenyewe mwaka 2016, mwaka uleule ilipofunga utengenezaji wa Defender ya zamani, ilianza kuzichukua Land Rover za kizazi cha kwanza na kuzifufua hapo Solihull kwa ajili ya wateja wenye fedha nyingi. Wao wana picha za zamani, vyombo vya kupimia na spea asilia. Fundi wa Tanga ana chaki. Ukilala chini ya gari na kutazama mishono, sidhani utamwonea huruma.

Mwenye 109 alikuja kulichukua, akalizunguka, akasifu rangi. Akauliza mbona bili ya rangi ni ndogo na ya kuchomelea ni kubwa. Fundi akamwomba ainame. Akainama kidogo, kwa adabu, akiwa na shati jeupe, akaona weusi wa nta na oili, akanyanyuka. Alilipa. Siku hizi gari halibebi samaki.

Nawe msomaji, kama unalo gari la aina hii, au gari lolote lenye chasisi, na unaishi pwani, usingoje mpaka umtafute fundi wa namna hii, maana si wengi. Likitoka ufukweni au kubeba chochote chenye chumvi, lipige maji ya bomba chini, si juu tu. Upande wa chini wa chasisi kuna matundu ya kutolea maji, mengi yakiwa yamezibwa na matope. Kabla ya masika pitisha waya kwenye kila moja mpaka udongo umwagike. Ni kazi ya dakika chache, na kadibodi ya kulalia ipo dukani bure.